Ticha, Unafanya Nini Karakana?

Swali hilo nimeulizwa mwaka mzima. Wameniuliza wenzangu wa ualimu kwenye vimbweta, wameniuliza wahandisi mlangoni kwao, na mama wa chakula pale nyuma ya hosteli aliniuliza siku alipoona ovaroli yangu ina matundu ya cheche: "Mwanangu, si ulisema unasomea ualimu?" Ni kweli. Nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, mwaka wa tatu, nina miaka 22, na kwa mujibu wa ratiba yangu sitakiwi kugusa chuma chochote zaidi ya kitasa cha mlango wa ukumbi wa mihadhara. Sasa naandika jibu moja refu, ili atakayeuliza tena nimwonyeshe ukurasa.

Lilitoka tangazo kwamba kuna fedha kidogo za miradi ya wanafunzi, kwa sharti kwamba kila kikundi kiwe na watu wa kozi tatu au zaidi. Kuna wenzetu wa uhandisi walitaka kujenga mashine ya kuchapa chuma. Walikuwa wawili wa mekanika, mmoja wa umeme na mmoja wa sayansi ya kompyuta. Wakatafuta mtu wa uhasibu kwa ajili ya risiti, halafu wakanitafuta mimi. Sababu hawakunificha: walihitaji mtu wa kuandika ripoti, na yule wa kompyuta, ambaye tunakaa naye chumba kimoja, alikumbuka kwamba mimi ndiye ninayewaandikia watu barua boom likichelewa.

Kwanza tuelewane kuchapa chuma ni nini, maana nikilitaja neno hilo watu hufikiri ni kuandika jina juu ya kikombe. Karakana ya kawaida inafanya kazi kwa kupunguza. Unachukua pande la chuma, unalikata, unalitoboa, unalipiga tupa, na kile kinachodondoka chini ni hela yako. Kuchapa ni kinyume chake. Unaanza na sahani tupu, unaongeza tabaka moja la chuma kilichoyeyuka, linaganda, unaongeza jingine juu yake, mpaka kitu kinatokea. Kompyuta inalikata umbo lako vipande vyembamba kama mtu anavyokata mkate, halafu mashine inavijenga vipande hivyo kimoja kimoja.

Mimi nilipoona hilo kwa mara ya kwanza nilisimama kama nimeona ndugu yangu. Muhula wa kwanza tulifundishwa kwamba ujazo wa kitu ni eneo la kipande mara unene wake, jumlisha vipande vyote, halafu fanya unene uelekee sifuri. Tuliikariri, tukaifanyia mtihani, tukaisahau. Hapa kulikuwa na mashine inayofanya kalkulasi kwa moto.

Njia inayotajwa zaidi viwandani hutumia poda na leza. Chembe za poda hiyo huwa na upana wa maikromita 15 hadi 45 hivi, nyembamba kuliko unywele. Poda inatandazwa, leza inapita na kuyeyusha pale tu panapotakiwa, sahani inashuka kidogo, poda inatandazwa tena. Tabaka likiwa la maikromita 40, kitu chenye urefu wa sentimita 10 kinahitaji matabaka 2,500. Chumba cha mashine kinajazwa gesi ya arigoni, kwa sababu chuma cha moto kikikutana na oksijeni kinaharibika, na poda ya titani inaweza hata kuwaka. Kampuni ya GE inatengeneza kwa njia hiyo kipuli cha mafuta cha injini ya ndege ya LEAP: vipande karibu 20 vilivyokuwa vinaunganishwa vimekuwa kimoja, na uzito umepungua kwa asilimia 25. Huku kwetu Afrika, chuo cha Central University of Technology cha Bloemfontein, Afrika Kusini, kina kituo cha kazi hizi tangu 1997, na taya za titani zilizochapwa huko zimewekwa kwa wagonjwa. Taya kama hiyo hawezi kuileta mhandisi peke yake. Lazima awepo daktari wa upasuaji, mtu wa meno bandia, mtu wa kusoma picha za hospitali, na wote waelewane. Wanafunzi nao wamo: Oktoba 2013 wanafunzi wa University of California, San Diego waliwasha jangwani Mojave injini ya roketi waliyoisanifu wenyewe na ambayo ilikuwa imechapwa kwa metali.

Sisi bajeti yetu mhasibu wetu aliilinganisha na kitchen party ya watu waliogombana. Mashine ya leza bei yake ni mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo hatukupoteza muda kuiota.

Lakini kuna njia ya pili, na ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mmarekani Ralph Baker alipewa hataza mwaka 1925 ya kujenga vyombo kwa kurundika chuma kilichoyeyushwa na umeme, tabaka juu ya tabaka. Yaani kuchomelea tu, lakini badala ya kuunganisha vitu viwili unajenga kitu chenyewe. Mwaka 2013 timu ya Joshua Pearce ya Michigan Tech ilionyesha printa ya namna hiyo iliyojengwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea ya MIG na vifaa vya kawaida, gharama chini ya dola 2,000, na ramani zake zikaachwa wazi kwa yeyote. Julai 2021 Amsterdam walizindua daraja la waenda kwa miguu la mita 12 lililojengwa na roboti kwa waya na umeme hivyo hivyo. Mashine ya MIG karakana ilikuwapo, kuukuu lakini inawaka. Mota tulizitoa kwenye mashine za fotokopi zilizokufa. Fremu tulichomelea. Mdomo wa kuchomelea tuliufunga mahali pamoja, na sahani ndiyo ikawa inatembea chini yake.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda haraka sana, na hapo ndipo mimi nilipoanza kupata wasiwasi.

Kila mtu alichukua anachokijua. Wa mekanika wakachora, wa umeme akafunga nyaya, wa kompyuta akaandika programu, mhasibu akakusanya risiti, mimi nikafungua faili la ripoti. Fomu ya mradi ilikuwa na sehemu inayouliza, "Wanafunzi wamejifunza nini nje ya fani zao?" Nikaona niwaulize. Niliwauliza wote swali moja: kwa nini mashine yetu inasubiri kila ikimaliza tabaka kabla ya kuanza jingine?

Wa kompyuta alisema, "Niliambiwa niweke sekunde 40, nikaweka." Wa umeme alisema ni ili mashine ipumzike. Mhasibu alidhani ni kubana gesi. Ni wale wa mekanika tu waliojibu kwamba chuma lazima kipoe, kwa sababu ukiongeza tabaka juu ya tabaka ambalo bado liko laini kwa joto, yote yanabonyea na umbo linamwagika pembeni kama uji. Halafu nikawauliza hao wa mekanika, "Na mota inajuaje imefika wapi?" Wakaangaliana.

Ndiyo kusema tulikuwa na mradi wa fani nyingi ambao ndani yake kila mtu alikuwa amekaa kwenye fani yake mwenyewe. Tungemaliza mashine, tungepiga picha, tungepewa vyeti, na kila mmoja angeondoka na kile alichokuja nacho. Kwenye kozi zetu za mbinu za kufundishia kuna kitu kinaitwa jigsaw, alichokibuni Elliot Aronson mwaka 1971 kwenye shule za Austin, Texas. Kila mwanafunzi anapewa kipande kimoja cha somo, anakimudu, halafu anawafundisha wenzake, na hakuna anayeweza kufaulu bila vipande vya wengine. Nikawapendekezea: kila Ijumaa jioni mmoja afundishe kipande chake kwa robo saa, na wiki inayofuata mtu mwingine ndiye aifanye kazi hiyo kwa mikono yake, mwenyewe akiwa amekaa pembeni.

Kiongozi wetu alikataa. "Ticha, tuna wiki kumi. Hapa siyo darasani." Na hoja yake haikuwa ya kijinga. Ukimpa mhasibu afunge nyaya ambazo wa umeme anazifunga kwa dakika kumi, atatumia saa mbili na atafunga moja vibaya. Tulibishana mpaka taa za korido zikazimwa. Aliyeamua ubishi ni wa umeme, aliyesema yeye amechoka kuitwa usiku kila waya unapochomoka, bora wote wajue. Basi tukaanza. Kwa hesabu yangu zilitugharimu wiki mbili hivi, na bado nasema zilikuwa rahisi.

Mwalimu bora kuliko wote hakuwa kwenye orodha ya mradi. Ni fundi wa karakana, mtu mzima, cheti chake ni cha VETA, na kwa kuwa siyo mwanafunzi jina lake halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Tulipojaribu kujenga ukuta mdogo wa sentimita 10, ulitoka umepinda kama mgongo wa ng'ombe: upande mmoja umevimba, upande mwingine umezama. Wa kompyuta alikaa siku tatu anarekebisha namba, akiongeza hapa milimita, akipunguza pale. Fundi alikuwa anapita kuchukua grenda. Akasimama.

"Mbona mnaanzia upande ule ule kila mara?"

"Ndivyo programu ilivyoandikwa, Fundi."

"Sasa igeuzeni. Mshono ukianza unavimba, ukiisha unazama. Leo anza kulia, kesho kushoto."

Waliugeuza. Ukuta ukasimama wima. Mwanzoni chuma bado ni baridi, kwa hiyo kile kilichoyeyuka hakitandazi vizuri na kinarundikana. Mwishoni moto umeshatangulia, kinatandaa na kuachia shimo. Ukibadilisha mwelekeo kila tabaka, uvimbe unafidia shimo. Yeye hilo alilijua mkononi miaka yote, hakuwa analiita kwa jina.

Ijumaa yake alituambia tufumbe macho. Akawasha mashine na kutuambia tusikilize. Mlio mzuri, alisema, ni wa maandazi yanapoingia kwenye mafuta ya moto: mfululizo, hautetereki. Halafu akazungusha kitufe cha kasi ya waya, ukaanza kulia kama risasi za bunduki ya bandia, na tukauona ubao umejaa matone ya chuma. Akazungusha upande mwingine, ukaunguruma. Kisha akamwita mmoja mmoja, macho yamefumbwa, arudishe mlio wa maandazi. Mhasibu aliupata wa kwanza. Mimi nimekaa madarasani miaka mingi, sijawahi kuona tathmini safi namna ile. Hakuna wa kudesa.

Zamu yangu nilifundisha kutanuka kwa chuma, mada ambayo sekondari tuliimaliza kwa tufe na pete. Sahani yetu ya chini ilikuwa inakunjika kama chapati, na watu walikuwa wanailaumu mashine. Chuma hutanuka kama maikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Sahani ya sentimita 20 ikipata joto la nyuzi 500 upande mmoja, upande huo unataka kurefuka kwa milimita 1.2 wakati upande wa chini hautaki. Ikipoa, tabaka la juu linasinyaa na kuvuta pembe zote. Tukaiweka sahani nene zaidi, tukaibana kwa bolti sita badala ya mbili. Niliona wa kompyuta anaandika ile kanuni kwenye kiganja, nikasikia raha ambayo sijaipata hata kwenye mazoezi ya kufundisha.

Mpaka hapo tulikuwa tunachapa vikombe na kuta. Ndipo akaja mwenzangu wa darasani, tunayesoma naye fizikia, ambaye anatembelea baiskeli ya miguu mitatu ya kukanyaga kwa mikono. Hakuja kuomba msaada wa mradi, alimfuata Fundi. Kile kishikizo kinachobeba kirenki cha mikono kilikuwa kimekatika kwa mara ya tatu, pale pale, na kila mara kilichomelewa mtaani kikadumu mwezi mmoja. Kiongozi wetu alikiangalia na macho yakamng'aa. Hatimaye kitu cha kweli cha kuchapa, siyo kikombe.

Yule dada alikubali, kwa sharti kwamba awe anahudhuria Ijumaa kama sisi. Siku ya kwanza tu alitupa mambo ambayo hakuna mchoro uliokuwa nayo. Kishikizo hakikatiki barabarani, hukatika kwenye mwinuko wa kwenda maktaba. Pale juu mkono wake wa kulia huvuta kuliko wa kushoto, kwa hiyo nguvu inaenda upande. Na kabla ya kukatika, bolti ya chini huanza kulegea siku mbili tatu kabla, yeye husikia mlio. Wa mekanika waliandika yote hayo, wakafuta mchoro wa kwanza, wakachora wa pili.

Tulikichapa Jumamosi moja. Matabaka 46. Tulikuwa tunangoja kila tabaka lishuke chini ya nyuzi 150 kabla ya kuendelea, na kadiri kitu kinavyopanda juu ndivyo kinavyochelewa kupoa, kwa hiyo kusubiri kukawa kurefu. Umeme ulikatika mara mbili. Saa tano baadaye tulikuwa na kishikizo, kina mistari kama ya gamba la konokono, bado cha moto, na watu wazima wanapigana vikumbo kukipiga picha.

Maonyesho yalikuwa baada ya siku nane. Mpango wa kiongozi ulikuwa mzuri kwa macho: kifungwe kwenye baiskeli, yule dada aingie nayo uwanjani mbele ya wageni, na sisi nyuma yake.

Akauliza, "Mmekijaribu?"

"Kimekaa vizuri kabisa, dada, njoo uone."

"Sijauliza kama kimekaa. Nimeuliza kama mmekijaribu. Nikitoka getini kuna daladala nyuma yangu. Na mimi siyo bango lenu."

Karakana ilinyamaza. Ilikuwa vigumu kwa kila mtu, na kwangu zaidi kwa sababu ni mimi niliyemwambia wenzangu ni watu wa kuaminika. Kiongozi naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na supu mbili zinamngoja, na alama za mradi zilitegemea maonyesho yale. Alisema tutakijaribu baada ya maonyesho, kwamba uwanjani ni tambarare, mita hamsini tu. Dada akasema mita hamsini ni nyingi ukiwa unaanguka. Fundi, ambaye kwa kawaida haingilii maneno yetu, akasema ile kazi ingekuwa yake angeikata.

Kuikata maana yake ni kuiharibu. Ndivyo chuma kinavyojaribiwa kama huna mashine ya kupiga picha za ndani: unakata vipande, unavibana kwenye jiliwa, unavipinda uone kama vinapasuka. Mhasibu alipiga hesabu ya gesi na waya kwa sauti, ili tujue tunakata shilingi ngapi. Tukapiga kura. Wanne kwa watatu, yule dada na Fundi tukiwahesabu, na kuwahesabu kwenyewe kulikuwa kesi nyingine.

Tulikata vipande vinne, vyote vikipita wima kwenye matabaka, kwa sababu udhaifu wa kitu kilichochapwa mara nyingi uko kati ya tabaka na tabaka. Vitatu vilipinda kama kiwiko, safi. Cha nne kilipinda kidogo, kikatoa mlio kama kuni kavu, kikafunguka. Ndani ya ule ufa kulikuwa na mstari mweusi. Tulihesabu matabaka kutoka chini, tukafungua daftari: ni pale umeme ulipokatika mara ya pili. Chuma kilipoa kabisa, kikafanya utando wa kutu na masizi, umeme uliporudi mashine ikaendelea bila mtu kupiga brashi wala kupasha moto. Tabaka jipya lilikaa juu ya lile la zamani bila kushikana nalo, kama plasta juu ya ukuta wenye vumbi. Kwa nje usingeliona hata kwa lenzi.

Maonyeshoni tulipeleka kile kipande kilichopasuka, juu ya kitambaa cheupe, na daftari limefunguliwa ukurasa wa saa ile. Zawadi ya kwanza walichukua vijana wenye programu ya simu ya kuagizia chipsi mayai. Sisi tulipata watu wachache waliokaa muda mrefu.

Baada ya hapo kiongozi wetu alibadilika kidogo. Aliacha kuongelea mashine, akaanza kuongelea kishikizo. Kile cha mwanzo, cha kiwandani, kilikuwa na kona kali ndani, na nguvu zote za ule mwinuko zilikuwa zinarundikana kwenye kona hiyo. Sisi kwenye mchoro wetu kona tuliizungusha, na siyo kwa akili nyingi: mashine yetu ilikuwa haiwezi kupiga kona kali bila kurundika chuma. Akampelekea Fundi mchoro ule. Fundi akauangalia, akasema, "Sasa hiki mbona nakukatia kwenye bamba la milimita nane kwa saa moja?"

Na akakikata. Kona ya mviringo, kipande cha kuzuia nguvu ya upande wa kulia, nati ya kujifunga isilegee. Wakakifunga kwenye jiliwa, wakakining'inizia mifuko ya saruji kwa siku mbili, kisha kikaenda kwenye baiskeli. Kina miezi minne sasa, na mwinuko wa maktaba bado uko pale pale.

Wapo waliovunjika moyo. Mwaka mzima wa kuchapa chuma, halafu kitu kinatengenezwa kwa grenda! Mimi nadhani hapo ndipo tulipoelewa kazi yenyewe. Kipuli cha ndege chenye njia za mafuta zinazojipinda ndani kwa ndani hakuna namna ya kukikata kwa tupa, kwa hiyo kukichapa kuna maana. Kishikizo bapa hakihitaji matabaka 46 na chupa ya gesi. Nilikuwa na desa zuri kabisa la faida za teknolojia hii, na hakuna mstari uliosema lini usiitumie.

Mahali inapofaa huku kwetu, nikikaa na Fundi, huwa tunaona ni kwenye vitu vilivyokwisha kulika. Nenda Gerezani, Dar, utakuta mafundi wanachukua shafti iliyolika, wanaijaza kwa kuchomelea, kisha wanaipeleka kwenye mashine ya kukereza irudi saizi yake. Kujaza shafti ni kuongeza chuma tabaka kwa tabaka. Wameifanya miaka mingi kwa mkono na jicho. Awamu ya pili ya mradi wetu ni hiyo: tunaongeza mhimili wa kuzungusha, ili shafti ya mashine ya kusaga ijazwe sawasawa pande zote, kisha Fundi aikereze. Ikishindikana tutaikata tuone.

Kuhusu alama, niseme ilivyo. Wa mekanika, umeme na kompyuta mradi huu unahesabika kwenye kozi zao. Mimi na mhasibu hatupati kitu, kwa sababu kwenye idara zetu hakuna msimbo wa kozi wa kuuwekea. Nimeandika barua kuomba uhesabiwe kama sehemu ya mazoezi yangu ya kufundisha, nikaambatanisha maandalio ya Ijumaa zote. Jibu nililopata ni kwamba barua iko kwenye faili. Wakati huo huo mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, ulioanza mwaka 2024 kwenye baadhi ya shule, na sisi wa ualimu ndio tutakaopangiwa shule hizo. Nimewauliza wenzangu darasani wangapi wamewahi kushika mashine ya kuchomelea. Mikono miwili iliinuka, mmoja ni wangu, mwingine ni wa yule dada, aliyeanza mwezi uliopita na anasikia mlio wa maandazi kuliko mimi.

Jina la Fundi sasa liko kwenye fomu. Tuliliandika kwenye nafasi ya "mkufunzi", na hakuna aliyelifuta.

Ijumaa hii ni zamu ya mhasibu, anafundisha jinsi ya kupanga kasi ya mhimili unaozunguka. Saa kumi jioni, karakana ya nyuma. Barakoa za macho zipo nne, kwa hiyo wahini. Vaa viatu vinavyofunika vidole, na usije na shati la nailoni, linayeyuka na kushika ngozi.